Sabuni Mpya na Upele wa Shingo

Wacha niwaambie vile nilikaribia kufukuza mtu kwa nyumba juu ya sabuni!

Hapa mtaa wa Landless tunakaa mimi, kijana yangu na bibi yake. Huyo msichana ndiye hunifulia. Sasa akaleta sabuni ya unga ya kupimiwa, na haikukaa sana, shingo yangu ikaanza kuwasha. Mikono nayo ikawa nyekundu, vipele tupu, kama nimemwagiwa uji moto. Nikasema eh, huyu ananitafuta.

Nikaanza kunusa kila kitu. Kitambaa, blanketi, hata chai. Akiweka kikombe, nangoja yeye anywe kwanza. Nikafua nguo zangu mwenyewe na sabuni ya kipande, nikaanika kwa kamba ya jirani ndio aone. Upele haukuisha. Nikasema basi, ameweka kitu kwa maji.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa nje juani, nachunga maharagwe nimeanika kwa gunia, kuku zisile. Akatoka na begi.

"Mama, naenda kwetu Gitothua. Siwezi kaa na mtu ananusa chai yangu."

"Enda na sabuni yako pia!"

Akaweka begi chini, akanivuta sweta mpaka kwa kiwiko. "Sabuni iko kwa nguo, ama haiko? Mbona mahali nguo imefunika ni safi? Unawashwa tu mahali jua inachoma!"

Wuui! Nikaangalia. Mkono ilikuwa na mpaka kama ya shamba.

"Na hiyo tembe mpya ya ugonjwa wako wa sukari, ulianza kumeza lini?"

Nikahesabu siku kwa vidole. Nilianza wiki ile ile ya sabuni. Nimeshuku mpaka maji, lakini tembe, hata! Si ilitoka kwa daktari?

Tukaenda kliniki, yeye amebeba pakiti ya dawa, mimi nimebeba sura ya aibu. Daktari akasema ndiyo, kuna dawa za sukari hufanya ngozi ya watu wengine ikatae jua. Akanibadilishia, na akanionya, nikiona upele nirudi mbio, nisiache dawa kivyangu.

Upele ukaisha polepole. Begi ilirudi juu ya kabati. Siku hizi maharagwe nachungia kivulini, na chai ikiletwa nainusa kidogo, nimchokoze tu.

"Mama, nionje kwanza?"

"Onja," namwambia, "lakini usimalize!"