Nyumba ya Tano

Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo nimeona watu wakifeli kwa njia nyingi. Wapo waliofeli kwa uvivu, kwa malaria na kwa mapenzi, na yuko mmoja aliyefeli kwa sababu aliingia chumba cha mtihani wa Jiografia na akaona aibu kutoka. Lakini aliyefeli kwa adabu ni mmoja tu, naye ni jirani yangu hapa Lulindi, Zabroni.

Zabroni ni mkulima wa korosho. Ni mrefu, mkimya, na akisema "Ndiyo, Mwalimu" hujui kama amekubali au anakuonea huruma. Alimwoa Flora na, kama wengi huku kwetu, akahamia upande wa mke. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Gift, kwa hiyo mtaani yeye ni Baba Gift.

Mikono yake ina akili kuliko watu wengi ninaowafahamu. Mpe konzi ya korosho, ataitikisa karibu na sikio, kisha atakwambia zilianikwa siku ngapi na kama mvua ilizipitia. Kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima alikuwa kibarua wa kubeba magunia. Mkaguzi wa ubora alikuwa akikata korosho moja moja kwa kisu, anahesabu nzima na mbovu, na Zabroni alisimama nyuma yake akiwa tayari analo jibu. Siku moja mkaguzi aligeuka akamwuliza kwa mzaha gunia lile ni la daraja gani. Alimwambia. Akamwuliza la pili, la tatu, hadi la kumi na mbili. Mzaha uliisha hapo.

"Ndugu yangu, hii ndiyo kazi yako," mkaguzi alimwambia. "Kasome."

Kozi ilikuwa ya mwaka mmoja. Walitaka mtu ambaye hajafikisha miaka arobaini na tano, mwenye cheti cha kidato cha nne, na Kiingereza awe amefaulu. Zabroni alikuwa na miaka arobaini na miwili. Cheti alikuwa nacho. Kiingereza alikuwa na F, aliyoishi nayo tangu ujana bila kugombana nayo. Akaja kwangu saa kumi alasiri, akanipa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema anataka kurudia mtihani. Mbele yake kulikuwa na Novemba tatu, basi.

Kichwa chake hakikuwa kibaya, ila kilivuja. Cha Jumatatu hakikufika Jumatano. Nikamwambia tusikariri hewani, kila kitu tukitundike kwenye kitu anachokijua. Vile vitenzi visivyobadilika, "cut" na "put" na ndugu zao, tukavitundika kwenye kisu cha mkaguzi, maana kisu kile kilikuwa kilekile jana na kitakuwa kilekile kesho. Havikumtoka tena. Nikapata kiburi. Nikamwambia nyakati za vitenzi tutazitundika njiani, kwenye njia anayopita kila asubuhi kwenda bombani. Nilichora mstari kwenye karatasi, nikaweka visanduku sita.

"Kituo cha kwanza ni wapi, na unakuta nini?"

Dukani kwa Faridi. Faridi hufungua saa moja kila siku, iwe Idi, iwe Krismasi. Tukaweka hapo wakati wa mazoea. Cha pili ni kwa Mujibu wa bodaboda, ambaye kila ukipita anatengeneza pikipiki. Tukaweka wakati wa jambo linaloendelea. Cha tatu ni kwa Isabela, jiko lake lilianguka kwenye mvua za mwaka ule. Lilianguka, limeshasahaulika, basi. Cha nne ni kanisani, kengele ilikuwa ikilia alipokuwa akipita. Cha sita ni kwa Selestini, ambaye ataezeka bati. Ni mwaka wa kumi na moja anasema ataezeka.

"Na cha tano?"

Zabroni akaangalia dirishani. "Pale ni nyumba tu, Mwalimu."

"Unakuta nini?"

"Uani pamekwisha kufagiwa."

Nilikaribia kupiga makofi. Umefika, kazi imekwisha kufanyika, alama za ufagio bado unaziona mchangani. Ningetafuta mfano mzuri kuliko huo kwa miaka mingine thelathini na moja nisiupate. Mwalimu mwenye busara angeuliza nyumba ile ni ya nani. Mimi nilikuwa nafurahia mchoro wangu.

Alifeli Novemba ile, nikasema ni kutokuzoea. Mwaka uliofuata tulirudia njia ile mpaka mbwa wangu akaijua. Nilikuwa naona kwamba kila tukifika nyumba ya tano anainamisha macho na kukaa kimya, nami kwa kukosa subira nilikuwa namtajia jibu mwenyewe na kumsukuma mbele hadi kwa Selestini. Novemba ya pili akafeli tena.

Siku matokeo yalipotoka nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili. Nikamwita.

"Baba Gift, ilikuwaje?"

"Muda ulikwisha, Mwalimu."

"Saa tatu zote?"

"Nilianza na barua ya kuomba kazi. Inaanza na ile ya nyumba ya tano, kwamba nimeliona tangazo lenu. Nikaenda kuichukua. Nikasubiri."

"Ukasubiri nini?"

Alimwangalia kuku aliyekuwa akiparua uani.

"Mama aingie ndani," alisema.

Ndipo nilipokumbuka nyumba ile ni ya nani. Ni ya Mama Flora, mama mkwe wake. Na huku kwetu mwanamume hajitokezi mbele ya mama mkwe. Hawali pamoja, hawatazamani, na akimwona njiani anapinda. Njia ya bombani inapita kando ya uwanja wa yule mama, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa Zabroni alikuwa akifika pale, akimwona uani anarudi nyuma ya mikorosho, anasubiri aingie ndani, kisha anapita haraka bila kuangalia kushoto. Sasa kwenye chumba cha mtihani alifika palepale kichwani, akamkuta mama mkwe amekaa mkekani, uwanja umefagiwa, na neno analolitaka liko miguuni kwake. Akarudi nyuma ya mikorosho akasubiri. Mama hakuingia ndani. Kengele ikalia.

"Lakini kichwa ni chako!" nilifoka. "Mwingize ndani!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi ni nani, Mwalimu, nimwamrishe mama aingie ndani?"

Nikabaki na hasira. Niliona haya pia, na nasema wazi, kwa sababu mchoro ulikuwa wangu na kosa lilikuwa langu kama lake. Nikamwambia tuihamishe ile ya nyumba ya tano. Tukaipeleka kwa mchungaji. Baada ya siku tatu akaniambia mama naye amehamia kwa mchungaji. Tukaipeleka ofisi ya kijiji. Wiki haikuisha akaja akasema mama yuko ofisini, ametandika mkeka, na mwenyekiti hana pa kukaa. Tulijaribu hadi sokoni Lisekese, kwenye fujo zote zile. Alimkuta huko amekwisha kufagia.

Septemba ikaingia, korosho zikaanza kudondoka. Zabroni alikuwa na miaka arobaini na minne na Novemba moja. Alianza kunifariji, na mtu akianza kukufariji ujue amekwisha kukata tamaa. "Kubeba magunia nako ni kazi, Mwalimu," alisema. Usiku ule nilikosa raha, na asubuhi nikaenda kwa Mama Flora.

Mama Flora amevuka sabini, goti lake la kulia halikunji vizuri, na anafagia kama mtu anayedai kitu ardhini. Nilimkuta mkekani, mahali palepale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Mkwe wangu amefeli tena, nasikia."

Nikamweleza yote. Nilianza na visanduku, nikapita kwa Faridi na Mujibu, nikafika kwake. Nilijua linachekesha na nilijiandaa acheke. Hakucheka hata kidogo.

"Kwa hiyo huko kichwani kwake mimi nakaa wapi?"

"Hapa hapa, Mama."

"Nafanya nini?"

"Umekwisha kufagia. Umekaa."

"Na yeye?"

"Yuko nyuma ya mikorosho. Anasubiri."

Aligeuka akaitazama mikorosho ile kwa muda mrefu. "Nyuma ya mikorosho ile namwona kila asubuhi," alisema. "Kichwa kinazidi tawi. Mimi nikimwona huingia ndani ili apite. Hata kama sina cha kufanya ndani, naingia, nasimama tu gizani." Akanyoosha goti. "Sasa huko kwenye mtihani sikuingia?"

"Hukuingia, Mama."

"Ni vibaya sana," alisema, na ninaapa alikuwa akijilaumu. "Mwambie safari hii sitakuwepo. Nitakwenda Chiwata kwa mdogo wangu."

Nikamwambia haina haja, tutamwambia tu Zabroni kwamba ameondoka. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wazito.

"Mwalimu, akijua nipo, hataingia. Lazima niende kweli."

"Lakini ni Novemba, Mama. Korosho zako?"

"Zitadondoka," alisema. "Kazi yao kudondoka."

Ile haikuwa kauli ndogo. Mikorosho yake kumi na minne ndiyo chumvi, sabuni na dawa ya goti kwa mwaka mzima. Mwezi ule korosho isiyookotwa leo kesho inaokotwa na mwingine.

Jumapili kabla ya mtihani, baada ya ibada, Mujibu alikuja na pikipiki ambayo siku ile, kwa maajabu, ilikuwa nzima. Mama Flora alikuwa amekwisha kufagia. Alikunja mkeka akauegemeza mlangoni, akasimamisha ufagio kando yake, akafunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akimwambia Mujibu aliyekuwa hatua mbili mbele yake: "Mimi nakwenda Chiwata! Sirudi mpaka Jumamosi! Hapa hakuna mtu!" Mujibu alidhani mama ameanza kuwa kiziwi. Mimi niliona kichwa nyuma ya tawi.

Walimpandisha watu wawili kwa sababu ya goti. Aliondoka akiwa amekaa upande, mguu mmoja umenyooshwa, bila kugeuka nyuma.

Mtihani ulikuwa Jumanne, mjini Masasi. Jioni Zabroni alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti kama kawaida.

"Haya?"

"Nilifika nyumba ya tano, Mwalimu. Mkeka umekunjwa. Nikapiga hodi."

"Ukapiga hodi? Kichwani?"

"Mara tatu. Sikuitikiwa. Nikasubiri kidogo, kwa heshima, kama dakika kumi. Halafu nikaingia."

"Ukaichukua?"

"Nilichukua zote," alisema. "Zilikuwa nyingi, Mwalimu. Zote zilikuwa humo."

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Yeye akaangalia dirishani mpaka nikamaliza.

Jumamosi Mama Flora alirudi na mimi nikaenda kumpokea, kwa kuwa Flora alikuwa shambani. Tulipofika uani alisimama. Uwanja wote ulikuwa umefagiwa, hadi nyuma ya choo, na mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi. Ilikuwa mipana, ya mtu mrefu asiyezoea kazi ile. Kando ya mlango kulikuwa na magunia mawili ya korosho, yameshonwa vizuri, moja la daraja la kwanza na moja la pili, na kikapu cha zile mbovu pembeni, zimetengwa, ili asije kudanganywa ghalani. Zabroni alikuwa ameingia uani kule kwa mara ya kwanza tangu aoe, siku nne mfululizo, na alikuwa amekwisha kuondoka.

Mama Flora hakuukanyaga uwanja. Alizunguka pembeni, akiburuta goti, mpaka mlangoni. Aligusa magunia, akashika konzi moja kutoka kwenye kikapu, akaitikisa sikioni.

"Mimi sisikii kitu," alisema.

Asubuhi yake hakufagia. Ya pili pia hakufagia. Jirani mmoja akamwuliza kama anaumwa, akamwambia pamekwisha kufagiwa.

Matokeo yalitoka Januari. Zabroni alipata C. Mwezi wa saba alipanda basi la kwenda kwenye kozi akiwa na begi la Gift na kalamu tano. Lakini siku ile ya matokeo, kabla hata Flora hajamaliza kupiga vigelegele, mimi nilikwenda uani kwa Mama Flora kumpa habari. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, upande wa pili wa nyumba, kwenye jua. Ndipo nilipong'amua kwamba tangu Novemba sijamwona mahali pake pa siku zote. Mkeka ulikuwa bado umeegemezwa mlangoni, umekunjwa, na ufagio kando yake.

"Amefaulu, Mama."

Aliitikia kwa kichwa. Akaitazama mikorosho, kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo naweza kurudi kukaa?" aliuliza.

Nikamwambia anaweza. Nikachukua mkeka nikamtandikia.