Barafu Nyekundu Ilivyoniumbua

Kwa sababu ya vipele, daktari alinikataza vyakula vilivyotiwa rangi na dawa za kuhifadhi. Vile visivyo na vitu hivyo madukani ni ghali, basi nikabaki na maharagwe ya kuchemsha na maziwa ya ngamia. Wallahi nilichoka! Ofisini tunapika pamoja, kwa hivyo hata wenzangu niliwakataza mchuzi miksi, ule unga wa viungo wa dukani.

Juzi jua la Isiolo lilinishinda, nikanunua barafu nyekundu ya kijiti na kuinyonya nyuma ya soko, nimejificha kama mwizi. Niliporudi ofisini, nilimkuta mwenzangu Halima akilalamika kwamba maharagwe hayana ladha.

“Vumilieni!” nikafoka. “Mbona mimi navumilia?”

Halima alinitazama mdomoni.

“Mama Salim,” akasema polepole, “hebu toa ulimi.”