Mlango wa Nyuma wa Sinema

Asubuhi tingatinga lilipoanza kuibomoa sinema, nilikuwa nafikiria viatu vyangu. Vilikuwa vile vya kazini, vyeusi, nilivyovipaka rangi alfajiri, na vumbi la matofali lilikuwa linakuja upande wangu bila haya. Watu waliojaa barabarani walipiga picha kwa simu. Mwanamke mmoja nisiyemjua alilia kabisa, akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na mimi nikamtazama kama ninavyotazama foleni ya benki. Nilijikumbusha kwamba jengo lile ndilo lililobeba matumaini yote ya mama yangu. Nikasubiri uchungu uje. Haukuja, nikapangusa viatu.

Mama yangu anauza chai. Tangu tuliporudi Juba kutoka Kenya amekuwa akiuza chai kwenye mlango wa nyuma wa sinema hiyo: jiko la makaa, birika mbili, vigoda vya kamba, na gilasi ndogo zinazounguza vidole. Wateja wake wanaijua tangawizi yake na wanaujua ulimi wake, basi. Kwa nini alichagua uchochoro ule wenye mtaro unaonuka, badala ya soko la Jebel ambako wanywaji chai hawakosekani, hakumwambia yeyote. Aliona aibu, mtu mzima kusema anangoja. Mimi nilijua kwa sababu nililelewa na maneno hayo kama watoto wengine wanavyolelewa na sala. Baba alimwambia: tukipoteana, tukutane sinema.

Alimwambia hivyo siku anaondoka kwenda bandarini. Alikuwa akifanya kazi kwenye matishari yanayopeleka mizigo kaskazini kwa mto, safari ambazo mtu hakujua zingemrudisha lini. Akiwa huko vita vikausogelea mji, na mama akanifunga mgongoni, akapanda lori la watu waliokuwa wakikimbilia mpakani. Tukaishia Kitale. Huko nikajifunza Kiswahili cha shuleni na matusi ya stendi, na mama akajifunza kuamka mapema kuliko wenye nyumba aliowafulia nguo. Barua hazikufika, au hazikuandikwa, sijui. Sura ya baba siijui. Nikimfikiria naona mgongo wa mtu anayeelekea mtoni, na hata mgongo huo nadhani nimeubuni mwenyewe.

Asiyeijua Juba atauliza kwa nini sinema, kwa nini si nyumbani. Nyumbani kulikuwa na tukuli mbili, vibanda vya nyasi, ambazo moto wa jioni moja ungezimaliza. Na mpaka leo, ukitaka kumwelekeza mtu hapa mjini, unamwambia apite kituo cha polisi, akate kulia penye mwembe uliokatwa, aulizie watu. Sinema ilikuwa ya matofali. Kila mtu aliijua, mwenye tiketi na asiye na tiketi.

Haikuwa na paa. Kilichokuwapo ni kuta nne ndefu, uwanja ndani yake, na katikati ya uwanja kitambaa kikubwa cheupe kilichofungwa kwenye nguzo. Mashine ya kuonyeshea filamu ilikaa upande wa barabara kubwa, na upande huo ndio ulioitwa mbele: kulikuwa na viti vya chuma, mlango mpana na mkata tiketi mwenye kofia. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na mchanga mtupu, na mlango mwembamba unaotokea uchochoroni. Huko ulilipa nusu, ukaketi chini, ukatazama filamu ileile kwa upande wa pili wa kitambaa. Maandishi yote yalisomeka kinyume, lakini waliokaa nyuma wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hawakuwa na hasara. Tatizo lilikuwa mikono. Kwa watu wa nyuma kila mpiga bunduki duniani alitumia mkono wa kushoto, kila bibi harusi alivikwa pete mkono usio wake, na hadi leo kuna wazee hapa mjini wanaobishana juu ya mambo hayo mpaka gilasi zinatikisika, na ukiwasikiliza unajua mara moja nani alikuwa na hela ujanani.

Mama alikuwa wa nyuma. Baba alikuwa wa mbele, mwenye mshahara wa mtoni. Siku moja, kwa maelezo ya mama, kijana mmoja mrefu aliyelipa bei kamili alikipita kitambaa mbele ya macho ya watu wote, akaja kukaa mchangani karibu naye. Watu wakapiga kelele wakidhani kitambaa kinaanguka. Akaja tena filamu iliyofuata, na nyingine, huku akilalamika kwamba hawezi kusoma kitu. Walipooana akaapa kwamba mke wake hatakaa nyuma tena, akamkatia tiketi ya mbele, akamkalisha kwenye kiti cha chuma. Mama alichukia. Alisema filamu imeharibiwa, kila mtu amegeuzwa, na kile chuma kinaingia mgongoni. Hii ndiyo hadithi pekee ya baba aliyoisimulia huku akicheka.

Tuliporudi, sinema haikuwa sinema tena. Wanajeshi walikuwa wameifanya ghala. Baada yao familia zilizokimbia vijijini zikapika humo na kuanika nguo kwenye zile nguzo za kitambaa. Kisha Jumapili pakawa na kanisa la mchungaji kutoka Uganda, mwenye vipaza sauti vya kufufua wafu, halafu kibanda cha kuonyesha mpira. Mwishowe upande wa mbele ukakodishwa kwa mfanyabiashara wa saruji, akaziba uwanja katikati kwa mabati marefu. Nje, kwenye barabara kubwa, wakajipanga mafundi wa tairi. Upande wa nyuma haukumvutia mtu, mama akauchukua.

Mwanzoni alikuwa akizima jiko jioni, anazunguka kona mbili hadi mbele, anasimama kidogo, anarudi. Alichagua jioni kwa sababu ndiyo saa ya filamu. Asubuhi hakuweza kuondoka hata kama angetaka. Asubuhi ndiyo chai. Baadaye magoti yakaanza kumsumbua, naye akaacha kuzunguka. Nilimwambia aandike bango, au twende kwenye redio watangaze. Alinikatalia kwa hasira. "Alinifuata nyuma mbele ya mji mzima," alisema. "Atakuja huku. Khalas."

Sikubishana. Nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi kwenye hoteli, natabasamu kwa wageni kutwa nzima, na nikirudi nyumbani sikuwa na uso uliobaki kwa ajili ya mtu mwingine. Nisiseme uongo: nilishamhesabu baba kuwa amekufa, tena zamani, tangu Kitale, kimyakimya, bila kumwambia mama. Sikulia siku hiyo pia. Kuna watu wanaolia na kuna watu wanaoosha vyombo, na mimi niliosha vyombo.

Kisha akaja mwenye kiwanja, au aliyesema ndiye, akiwa na gari jeupe na vijana wa kupima ardhi. Pangejengwa ghorofa, maduka chini, ofisi juu. Habari ikawafikia vijana wa sanaa, wakaitisha mkutano palepale uchochoroni. Walivaa fulana zinazofanana, wakasema Kiingereza kizuri sana kuhusu urithi wa taifa, wakanywa chai ya mama, wakapiga picha ukuta. Mmoja akamwomba mama aseme neno kama mkazi wa muda mrefu. Mama akainuka, akajifuta mikono, akamgeukia kijana wa mwenye kiwanja aliyekuwa amesimama kando akichezea simu.

"Hiyo ghorofa yenu," akauliza, "itakuwa na mlango nyuma?"

Kijana akasema hajui, labda, wa kutolea takataka.

"Na mimi nitaruhusiwa kukaa hapo?"

Watu wakacheka. Walidhani anatafuta nafasi ya biashara, na vijana wa sanaa, naona, walimdharau kidogo kwa kuwaza chai wakati wao wanawaza historia. Niliwakasirikia, lakini ni hasira iliyokuja ikapita, haikukaa hata kitako. Kijana akasema hapana, wachuuzi hawataruhusiwa. Mama akaketi, akaendelea kupepea makaa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilimsikia akiuliza kwa sauti ndogo, akiwa ananipa mgongo: "Sasa akija, atauliza wapi?" Nikajifanya nimelala.

Kwa hiyo siku ya tingatinga niliomba ruhusa kazini, nikaenda kumsaidia kufungasha. Hakutaka kufungasha. Aliwasha jiko lake ng'ambo ya uchochoro, akakaa ameelekea jengo, na kuuza chai kwa wabomoaji wenyewe. Ukuta wa nyuma ulianguka kwanza. Ukafuata mlango mwembamba na fremu yake. Kisha yakang'olewa yale mabati ya katikati, yakabebwa, na kabla ya adhuhuri mtu aliyekaa kwenye kigoda cha mama aliweza kuona moja kwa moja hadi barabara kubwa: pikipiki zinapita, mafundi wa tairi wanapiga nyundo, ngazi za mlango wa mbele zikiwa zimebaki peke yake bila mlango. Sikujua kwamba ni karibu hivyo.

Fundi mmoja wa tairi, Mganda mnene mwenye ovaroli ya bluu, alikuja akivuka vifusi huku anacheka. Ni mteja wa zamani. Kila asubuhi, miaka yote ile, alizunguka zile kona mbili na sinia lake kuja kuchukua chai ya wenzake wa mbele.

"Mama!" akaita. "Leo mimi nafika straight. Kumbe tulikuwa majirani!"

Mama akamjazia gilasi. Fundi akachuchumaa, akatazama ngazi kule alikotoka, akatikisa kichwa.

"Sasa yule mzee angeona hii, angelia," akasema.

"Mzee gani?" nikauliza mimi, kwa sababu ya kusema kitu tu.

"Kulikuwa na mzee moja, sister, anakaa pale kwa ngazi. Mrefu, lakini amekwisha. Kila asubuhi anakuja na miguu kutoka huko Jebel, mchana anarudi, kwa sababu jioni njia ilikuwa mbaya. Tunamuuliza, mzee, unataka nini? Anasema anangoja bibi yake. Sisi tulidhani kichwa imeharibika. Hapa kila mtu anangoja mtu."

Mama alikuwa ameshika birika. Hakuiweka chini.

"Mimi nilimwambia," fundi akaendelea, "mzee, zunguka huko nyuma, kuna mama ya chai, anajua watu wengi, muulize. Akakataa kabisa. Alikuwa mkali! Anasema, bibi yangu haiwezi kukaa nyuma. Anasema yeye alishakataza hiyo mlango."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika ovaroli nimpige kwa sinia lake, mtu ambaye hakuwa na kosa lolote, aliyekuwa amekuja kunywa chai. Nilimtazama mama nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku, wa mtu anayesubiri maji yachemke.

"Ilikuwa lini?" akauliza.

Fundi akafikiri. "Kabla ya yale mapigano ya pili, ile watu ilikimbia. Tuliporudi kufungua kazi, hakuja tena. Wengine wanasema aliugua, wengine wanasema ameenda na mashua. Sijui, Mama. Wewe unamjua?"

Miaka ile, kabla ya mapigano ya pili, sisi tulikuwa tumesharudi. Baba alikuwa pale pale, kila asubuhi, upande wa pili wa mabati. Nadhani tulilifikiria hilo pamoja, mimi na yeye, wala hatukutazamana.

"Alikuwa anakula?" mama akauliza.

"Kula, hapana sana. Lakini chai tulikuwa tunampa. Mimi mwenyewe nilikuwa naleta kutoka hapa kwako." Akamnyooshea mama kidole, uso umemfunguka kwa furaha ya kukumbuka. "Unakumbuka ile gilasi moja bila sukari? Ulikuwa unanigombeza, unasema nani huyo anaharibu chai yangu? Ilikuwa ya mzee."

"Nakumbuka," mama akasema.

Tingatinga lilirudi nyuma, likanyamaza. Dereva akateremka kuomba maji. Vumbi likaanza kutua kwenye gilasi, na mama, ambaye hajawahi kuacha gilasi wazi, hakuzifunika.

"Alikuwa anaimaliza?"

"Yote," fundi akasema. "Mpaka tangawizi ya chini anatafuna."

Mama akaiweka birika jikoni, taratibu, akaigeuza mpini uelekee upande wake.

"Basi alikunywa," akasema.