Alama ya Paji kwenye Kioo

Kila nikitoka shule humngojea mama kwenye maabara yao, hapa Montevideo, na kila siku namwona yule fundi wa seli kaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha la koridoni, saa ya jikoni ya kuhesabia dakika mkononi. Vidole vyake vimepauka kwa spiriti. Huzipa seli za mapafu virusi vya mafua, hungoja dakika thelathini kamili, kisha huzizima kwa barafu aone habari ya uvamizi imepokezanwa hadi wapi ndani ya seli. Habari ikichelewa, virusi huenea. Kelele za tahadhari zikizidi, mwili huunguza mapafu yake wenyewe. Ananieleza haya koridoni kwa sauti ya kukwaruza, akifyonza chai yake chungu kwa mrija ambao watu wa hapa hupokezana, ila msimu huu wa mafua hampi mtu.

Jana alisinzia. Saa ililia, naye akazinduka dakika nne zimeshapita. Mama alitakiwa kupeleka matokeo yale leo asubuhi, la sivyo mradi apewe mwingine.

"Andika thelathini, dada yangu," mama akamsihi. "Dakika nne ni nini?"

"Kwa seli ni safari nzima, daktari."

Akaandika thelathini na nne, akaimwagia sahani ile ya seli dawa ya kuua virusi, akatoa nyingine aanze upya. Mama akavuta kiti, akaketi.

"Na wewe, mama maswali," fundi akaniambia kabla ya kufunga mlango, "nikisinzia tena, gonga kioo!"

Nikakaa mbele ya alama ya paji lake, ngumi tayari.