Maharagi ya Kupanda

Juzi mujukuu wangu alileta pakiti ya mbegu za maharagi kutoka dukani, nami nikakumbuka chungu kimoja cha utoto wangu kule Ngungu.

Hatukuwa na cha kununulia mbegu, kwa hiyo Mama alishinda akilimia watu. Mimi nilikaa karibu na chungu chao cha maharagi, kikitokota na kunukia, huku mudogo wangu akilia njaa mgongoni mwangu.

Alasiri, wakati wa kulipa, mwenye shamba akauliza, "Mama, nikupe ya kuiva ao ya kupanda?"

"Ya kupanda, Papa."

Nilidhani uchovu umemziba Mama masikio. Leo najua alisikia kilio kile vizuri.

Maharagi yalizaa sana. Mudogo wangu hakuyaonja.