Kaka Yangu Nyuma ya Pikipiki

Kaka yangu alirudi kutoka machimboni Geita na vitu viwili: pikipiki na kikohozi. Miaka saba alikuwa akisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, na daktari alimwambia vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu na halitoki tena. Alianza kubeba abiria kijijini kwetu, njia ya kwenda Bulyanhulu. Haikupita miezi mingi akawa hawezi hata kupiga kiki bila kukaa chini kupumzika.

Asubuhi moja aliniita uani. Nilikuwa mama wa watoto watatu, sijawahi kuendesha hata baiskeli.

"Mdogo wangu, utajifunza hii," alisema. "Kliniki ni kila mwezi. Utakuwa unanipeleka wewe."

Nilidhani ananitania, lakini alikuwa ameshanishikisha ufunguo.

Mvua zilikuwa zimeanza. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbugani, kiangazi unapasuka, masika unanata kama ulimbo. Yeye alikaa nyuma yangu. Kwa kuwa pumzi ya kusemasema hakuwa nayo, tulikubaliana: akinigusa bega la kushoto nipunguze gia, la kulia nishike breki.

Siku ya kwanza pikipiki ilinizimikia hadi nikachoka kuiwasha. Siku ya pili nilimwangusha. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma kuzunguka, tukaenda chini wote wawili, na bomba la moshi likaniunguza mguu. Nilipomwona kaka amelala kwenye tope akitafuta hewa, nililia, nikasema basi, siendelei.

Alisubiri pumzi imrudie. Kisha akaokota kijiti, akaanza kukwangua lile tope.

"Inua chombo," alisema.

"Kaka, nitakuua."

"Vumbi ndilo litakaloniua. Inua."

Niliinua.

Wiki ya tatu ikawa safari ya kliniki. Kabla ya kufika barabara ya moramu kuna kijito, na siku hiyo maji yalifika magotini. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alitutazama, akamsalimia kaka kwa Kisukuma, kisha akamwambia kwa upole, "Mwache huyo mama ashuke, nikuvushe mimi. Nimeendesha miaka mingi."

"Wabeja, baba," kaka alijibu. Asante. "Dereva ninaye."

Niliingia majini kwa gia ya kwanza. Tulivuka. Hakunisifu, wala mimi sikugeuka kumwangalia, maana macho yangu yalikuwa yamejaa machozi na njia ilikuwa bado ndefu.

Nilimpeleka kliniki mara tisa. Mara ya kumi hakuweza tena kukaa wima, tukatafuta gari, na hakurudi akiwa hai.

Siku ya pili ya msiba sukari iliisha. Mama aliniambia niwahi dukani, watu wanasubiri chai. Nikawasha pikipiki, nikatoka. Nilipofika kwenye tope, gurudumu la nyuma lilianza kuteleza huku na huku kama lenye wazimu, nikashangaa, maana njia ile nilikuwa nimeshaizoea. Nikasimama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu nijifunze sijawahi kuendesha bila uzito wa mtu nyuma.

Nikarudisha gia ya kwanza. Kisha nikaenda, polepole sana, nikaileta ile sukari.