Bangili ya Bibi Mkononi Mwangu

Bangili ile ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama. Ilikuwa ya shaba, nene kama penseli, wazi upande mmoja, na ncha zake zilikuwa na mistari iliyokaribia kufutika kwa kuvaliwa. Bibi alimpa mama siku alipoolewa. Mama alinivalisha mimi ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, asubuhi ile tuliyokimbia vita, nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni nikichoka.

Mtumbwi ulikuwa umejaa. Mama alinikabidhi kwa mdogo wake, ambaye mpaka leo namwita mama mudogo, akasema anarudi kumchukua bibi kwa sababu bibi hakuweza kutembea. Akaivua bangili mkononi mwake, akanipandishia juu ya kiwiko, akaibana kwa viganja viwili mpaka ikanishika.

“Usiitoe, mutoto yangu,” aliniambia.

Alimwambia pia mama mudogo maneno fulani, lakini watu walikuwa wanapiga kelele na sikuyasikia. Kisha akapanda ule mteremko wa mchanga akaenda. Sisi tulishukia Puta, upande wa Zambia. Mama hakuja na mtumbwi uliofuata, wala siku zilizofuata, wala habari yake haikuja na mtu yeyote.

Kwa akili yangu ya utotoni nilijieleza jambo hili hivi: mama atanitambua kwa bangili. Mimi nitakua, sura itabadilika, tutahamishwa kutoka kambi hii kwenda ile, lakini bangili ataijua. Wazo hilo lilinipa matumaini kidogo na woga mwingi. Niliogopa ianguke nikilala. Niliogopa iibiwe. Mama mudogo akitaka kuitoa ili anioshe vizuri, nilipiga kelele kwamba mama hatanitambua, mpaka natapika, naye akaacha. Mkono ulipokua, bangili iliteremka hadi kifundoni na hapo ikakaa.

Wafanyabiashara wanawake wa Congo walipovuka na vitenge na kununua samaki, nilikwenda kusimama wanaposhukia, mkono wa kushoto nimeunyoosha mbele kama mtu anayengoja kupewa kitu. Nilimtazama kila mmoja usoni. Wengine walidhani naomba chakula. Hata nilipokuwa mtu mzima, nimeolewa, nina binti na shamba la mihogo karibu na Kafutuma, nilikuwa bado nikifika ziwani nakunja mkono wa blauzi bila kufikiri. Bangili ilikuwa imenibana kwa sababu nilikuwa nimenenepa. Mume wangu alisema tuipanue. Nilimjibu kwamba hainiumizi.

Mwaka juzi, wakati wa mvua, nilikwenda kutoa mihogo niliyokuwa nimeiloweka kijitoni. Niliteleza na beseni kichwani, nikaangukia mkono ule. Sikusikia kuvunjika, nilisikia moto tu. Nilipofika nyumbani kifundo kilikuwa kimevimba juu na chini ya bangili, na ncha zake zimezama ndani ya nyama. Vidole vilikuwa vimeanza kuwa na rangi ya bilinganya.

Kwenye kliniki ya Kafutuma, nesi alipaka sabuni, akavuta, akajaribu kuachanisha zile ncha. Nikalia. Shaba ilikuwa imekomaa kwa miaka yote ile, haikukubali. Akaniambia kwa Kibemba, kwa upole, kwamba bangili ikatwe leo, na kama haikukatwa leo tutakuwa tunazungumzia mkono wenyewe. Vifaa vya kukata kitu kinene namna ile hakuwa navyo. Alinipa dawa ya maumivu, akamwelekeza mume wangu kwa fundi mmoja wa kuchomelea huko Kashikishi, ambaye amewahi kumsaidia kwa kazi kama hiyo.

Njia nzima ndani ya teksi nililia. Mume wangu alidhani ni maumivu. Sikumwambia kwamba nilichokuwa nakiogopa ni kushuka garini nikiwa na mkono mtupu halafu mama apite. Nilijua kabisa kwamba hilo haliwezekani. Nilikuwa mama wa mtoto mkubwa, na bado mwili wangu wote uliliamini. Nilifikia kusema turudi nyumbani. Mama mudogo, aliyekaa nami kiti cha nyuma ameushika mkono wangu uelekee juu, alimwambia dereva aongeze mwendo.

Fundi alikuwa anatengeneza injini ya boti. Alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa maji, akautazama mkono wangu na uso wake ukabadilika. Alisema nyundo na patasi hapana, mashine ya umeme hapana, ni msumeno wa chuma tu, polepole. Alikata kipande cha bati jembamba, akakikunja, akakiingiza kati ya shaba na ngozi. Hapo nilipiga kelele ambayo wauza mafuta wa barabarani waliisikia.

Alipouweka msumeno nikaurudisha mkono. Akaniomba nitulie. Nikaurudisha tena. Ndipo mama mudogo alipopiga magoti mbele yangu kwenye vumbi la chuma.

“Haikukuwa juu ya kukutambua,” alisema. “Mama anajua mutoto yake. Aliniambia njaa ikitushika, niuze ile bangili. Nilishindwa, juu ya vile ulikuwa unalia sana.”

Nilimtazama. Nilikumbuka mwaka wa kwanza kambini, jinsi alivyokuwa akinipa chakula na kusema yeye ameshakula. Niliunyoosha mkono tu, nikafumba macho.

Woga haukuondoka kwa maneno yale, ulizidi. Mlio wa msumeno ulikuwa unaniingia mpaka kwenye meno. Shaba ilipopata joto, fundi alimwagia maji, akasubiri, akaanza tena. Kila mara nilifikiri sasa amefika kwenye mshipa. Alikata mgongo wa bangili, mkabala na ule uwazi, akasogeza bati, akaendelea mpaka ikaachana. Nilisikia vipande vinaanguka sakafuni, na damu ikarudi kwenye vidole kwa maumivu makali hivi kwamba nilizirai.

Mfupa ulikuwa na ufa, ukapona. Vile vipande viwili nilivifunga kwenye kitambaa, nikaviweka ndani ya sanduku la nguo. Kwa miezi nilikuwa naamka asubuhi mkono mwepesi, natafuta kitandani.

Hatimaye nilivipeleka kwa fundi yuleyule, nikamwomba aviunganishe. Alisema inawezekana, ila sitaweza kuivaa bila hatari ileile. Afadhali avipige viwe virefu na vyembamba, zitoke bangili mbili. Nilipoona shaba ya bibi inawekwa kwenye moto na kuwa nyekundu, niliinuka kwenye benchi. Niliogopa iyeyuke, iishe, pasibaki kitu ambacho wale wanawake wawili waliwahi kukigusa. Fundi aliichovya majini, akanionyesha: ilikuwa laini, inapindika. Akaanza kuigonga. Mistari ya kwenye ncha aliiacha bila kuipiga nyundo, kama nilivyomsihi.

Moja niliichukua mimi. Nyingine nilimvalisha binti yangu, pana ya kutosha kutoka akitaka.

Mwaka huu alipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Mwansabombwe. Walituambia wanafunzi hawavai mapambo. Asubuhi ya safari aliivua mwenyewe, akaniwekea mkononi. Nikaishikilia nikisema labda aifiche ndani ya soksi, labda nizungumze na mwalimu. Nilijisikia ninavyosema na sikuweza kuacha. Nilikuwa naona mteremko wa mchanga.

“Mama,” alisema, “miye najua kwetu.”

Basi likaondoka. Nilikaa pale stendi na mama mudogo mpaka alipoinuka akasema mihogo iliyo juani itanyeshewa.

Alirudi likizo ya kwanza amerefuka, analalamikia uji wa shule. Bangili ilimpita mkononi kwa shida kidogo. Mama mudogo aliishika kwa viganja viwili, akaipanua kabla sijasema lolote.